Hita za dizeli: zinawasha moto au zinapasha tu?

MzeeWaViazi
Wakuu, niko Makambako. Nina Hilux ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L, nabebea viazi. Tangu baridi ya mwezi wa 6 ianze, asubuhi gari haitaki kabisa. Nageuza funguo, ile taa yenye alama ya springi inawaka kwenye dashibodi, inazima, napiga stata: inazunguka weee, nyuma unatoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi. Saa tano jua likishapanda, stata moja tu imewaka. Juzi jirani akaniambia niweke jiko la mkaa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Niliweka na ikawaka kweli, ila mama watoto kaapa hilo jiko halirudi tena chini ya gari.

Fundi wa hapa anasema hita zimekufa, vile vijiti vya umeme vinavyoingia kwenye injini. Sasa kama hita ndizo zinazowasha moto, mbona mchana gari inawaka bila hizo? Na kama hazina kazi, hela yangu inaenda wapi?

FundiDizeli_Mbeya
Shikamoo mzee. Hita haiwashi, inapasha. Kinachowasha ni mbano. Pistoni ya 3L inaibana hewa zaidi ya mara 20, hewa inapita nyuzi 500, nozeli ikipuliza dizeli inajiwakia yenyewe. Ndiyo maana hujawahi kuona plagi ya cheche humo.

Tatizo ni asubuhi. Chuma chote kina baridi, kinainyonya ile hewa joto lake kabla dizeli haijafika. Na 3L ina vijichumba vya kuchomea kwenye silinda hedi, kuta nyingi, kwa hiyo joto linaibiwa zaidi. Hita imeingizwa humo humo, ncha inakuwa nyekundu kabisa. Huo moshi mweupe ni dizeli iliyopulizwa ikakosa joto.

Halafu usiiamini taa ya dashibodi. Kwenye magari haya ya zamani inahesabu sekunde tu, hata hita zote zikifa itawaka na kuzima vilevile.

KijanaWaNoah
Mzee nunua dawa ya kupuliza kwenye eya klina, fasta tu inawaka 😂

FundiDizeli_Mbeya
Wewe kijana usiue injini ya mtu. Hiyo ni etha, inajiwakia kwenye nyuzi 160 hadi 180. Ikikuta hita nyekundu inalipuka pistoni ikiwa bado njiani kupanda. Konrodi, ule mkono wa pistoni, ikipinda utamlipa wewe?

Ticha_Fizikia
Marahaba kwa fundi, nitaiba mfano wako darasani. Waliowahi kuwasha karabai watanielewa: unamimina spiriti kwenye kikombe, unaichoma, mrija unapata moto, ndipo unapampu. Ukiruka hatua hiyo mafuta ya taa yanatoka yakiwa maji na moto unaruka juu wa njano. Spiriti inapasha mrija tu. Kuwaka kwenyewe kunakuja baadaye, mafuta yakishakuwa mvuke.

KijanaWaNoah
Sawa ticha, ila petroli si ndiyo inawaka haraka kuliko dizeli? Sasa mbona petroli ndiyo inahitaji plagi?

Ticha_Fizikia
Swali zuri kuliko ile dawa yako. Ukiwa na njiti, petroli ndiyo hatari: inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli lazima ifike nyuzi 50 na kitu. Ondoa njiti, pasha joto peke yake, mambo yanageuka: dizeli inajiwakia kwenye nyuzi 210 hivi, petroli inasubiri 250 na kuendelea. Petroli inataka kuchokozwa, dizeli inataka kupashwa.

MzeeWaViazi
Marahaba fundi. Nitajuaje zipi zimekufa bila kununua zote nne?

FundiDizeli_Mbeya
Fungua bamba linalounganisha vichwa vya hita. Taa ya kujaribia, klipu kwenye chanya ya betri, ncha gusa kichwa kimoja kimoja. Ikiwaka, hita nzima. Zikiwa nzima zote, kamata rilei, ile swichi inayozipelekea umeme.

MzeeWaViazi
Mrejesho. Tatu zimekufa. Mbili zimetoka, ya tatu imevimba ncha, imegoma humo ndani. Fundi kaimwagia mafuta ya kulainisha kutu, kasema isiguswe mpaka kesho. Viazi viko juu ya gari, jiko nimenyimwa.