Mrejesho: jalada la jarida la benga

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Niliwauliza jinsi ya kubuni jalada la jarida la benga, muziki wa gitaa wa Kenya, litakalowavuta vijana wa miaka 18 hadi 25 bila kuwapoteza wazee waliokua na muziki huo. Limekamilika, na nawashukuru kwa dhati.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kuwauliza wasomaji wenyewe. Nilizunguka na michoro kwenye maduka ya muziki River Road, kisha nikawaonyesha wanafunzi wa chuo. Picha ya bendi nzima jukwaani haikumsimamisha mtu. Iliyowanasa ilipigwa kwa karibu kabisa: vidole vya mpiga gitaa la solo juu ya nyuzi, ukucha wa gumba umepasuka kidogo. Kijana mmoja aliishika akauliza, "Huyu ni nani?" Nikajua tumeipata. Benga imejengwa juu ya gitaa linalodonolewa kama nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa hiyo gitaa ndilo linalostahili kukaa mbele.

Jina la jarida tumelichora kwa mkono, herufi nene kama za ubavuni mwa matatu, rangi ya chungwa juu ya nyeusi. Vichwa vya habari ni vitatu tu.

Kuhusu uchapaji: faili iwe ya wino nne za uchapaji (CMYK), picha nukta 300 kwa inchi, na muongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Chungwa hufifia sana likitoka kwenye skrini kwenda kwenye karatasi, kwa hiyo dai nakala ya majaribio kabla ya kulipia zote.

Toleo lijalo nataka mwanamke mpiga gitaa. Mpigapicha mwenye kazi ya aina hiyo anitafute, malipo yapo.