Fielder: subwufa ya chini ya kiti, boksi lililozibwa au boksi la tundu?

MdauRongai
Wadau, gari ni Fielder, redio ni ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Nachagua kati ya subwufa ya chini ya kiti yenye amplifaya ndani, inchi 12 kwenye boksi lililozibwa, au inchi 12 kwenye boksi la tundu. Nasikiliza rumba na benga, gengetone kidogo. Buti hubeba mizigo. Ipi?

KoiliMbili
Kwa rumba na benga, lililozibwa. Hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi ya springi: koni ikitoka inarudishwa upesi, na gitaa la besi unalisikia noti kwa noti. Inchi 12 nyingi hutosheka na lita 25 hadi 35. La tundu huhitaji kama 50, na hapo mizigo utaibeba mapajani. Ni kweli linapiga kwa nguvu zaidi karibu na masafa lililopimiwa, tuseme Hz 35. Chini ya hapo springi inapotea, koni inacheza ovyo mpaka inagonga. Ukilichagua, amplifaya lazima iwe na kidude kilichoandikwa SUBSONIC, kinachozuia masafa ya chini mno, ukiweke chini kidogo ya masafa ya tundu.

Soketi
Msidharau ya chini ya kiti. Pumzi yake ni fupi, besi ya chini kabisa haifiki, lakini buti inabaki yako. Ila usiamini "wati 600" za kwenye katoni. Angalia fyuzi yake. Ikiwa ni ampea 15, zidisha kwa volti 13.8: wati 207 zinazoingia. Amplifaya ya klasi D hutoa kama asilimia 80 ya hizo, yaani 165 hivi. 600 zitatoka wapi? Zinazohesabiwa ni wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, si ya kilele cha mara moja.

MdauRongai
Lililozibwa basi. Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kuna subwufa ya koili mbili za omu 4, na amplifaya mono ya klasi D: wati 500 kwa omu 2, 300 kwa omu 4. Zinaoana?

KoiliMbili
Zinaoana, mradi subwufa nayo iwe na RMS ya 500 hivi. Unganisha koili sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, upate omu 2. Ukiziunga mfululizo unapata omu 8 na nguvu inapungua sana. Usikubali ubadilishiwe ya koili za omu 2: sambamba zinakupa omu 1, na taa ya PROTECT itawaka, amplifaya ijizime kujilinda, kila besi ikishuka.

WayaMnene
Pesa za waya usizibane. Wati 500 kwa asilimia 80 ni 625 kutoka kwenye betri, kama ampea 45. Chukua waya wa shaba wa namba 4, si namba 8 (namba ikiwa ndogo, waya ni mnene). Vifurushi vingi vya bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona fedha ndani, rudisha. Fyuzi ya ampea 60 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Kazi yake ni kuulinda waya: ukichunika penye tundu la ukuta wa injini bila fyuzi, gari linaungua. Upitishe kwenye mpira wa hilo tundu.

Soketi
Redio hiyo huenda haina matundu ya RCA, yale ya kutolea sauti kwenda amplifaya, kwa hiyo hakikisha amplifaya inapokea waya za spika. Kisha kitufe cha GAIN kwenye amplifaya, cha kuioanisha na redio. Hicho si kitufe cha sauti. Chomoa subwufa, zima BASS BOOST, weka sauti ya redio robo tatu, cheza mlio wa Hz 50, pandisha GAIN taratibu huku ukipima volti za AC kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Wati 500 mara omu 2 ni 1,000. Kipeuo chake cha pili ni volti 31.6. Ishia hapo. Ukizidisha, vilele vya wimbi vinakatwa na koili inapikika. Harufu ya vanishi iliyoungua ndiyo hiyo.

MdauRongai
Na ule mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta?

WayaMnene
Mara nyingi ni ardhi, yaani waya hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi la gari. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa boliti yake yenyewe, si ya mkanda wa usalama, waya usizidi nusu mita. Waya wa umeme upite kushoto, wa sauti kulia. Mluzi ukibaki, chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya: ukinyamaza, shida iko upande wa redio.