Fundi kang'oa gia boksi yangu nzima, kaniwekea ya mtumba inayosuasua, ya kwangu kaipeleka skrepa. CLK 240, Mwanza

Wakuu, nimevumilia miezi minne, leo natema. Na kabla hamjaanza ule wimbo wenu wa "uza ununue IST", someni hadi chini, maana gari halina kosa. Mwenye kosa ana mikono miwili na ovaroli.

Gari ni Mercedes CLK 240 ya 2003, milango miwili, limetoka Japani. Nililinunua la mkononi hapa hapa Mwanza kwa milioni 13. Msiniulize kwa nini sikuagiza mwenyewe. Injini ni cc 2,597, kwa hiyo bandarini nakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, wa bidhaa asilimia 10, VAT asilimia 18, halafu ule wa uchakavu kwa sababu gari limezidi miaka 10. Acha kwanza.

Mwaka wa kwanza tulielewana. Vituko vyake vya uzee nilivizoea. Vioo vya milango havina fremu: ukivuta kitasa kioo kinashuka kidogo kujinasua kwenye mpira, ukifunga kinapanda kujibana. Betri ikichoka hakishuki, na ukilazimisha unachana mpira. Nilijifunza hilo asubuhi moja Pasiansi, nimevaa suti ya harusi ya watu. Hapo sikumlaumu mtu.

Dalili za huyu fundi niliziona mapema, na hilo ni kosa langu. Mara ya kwanza nilimpelekea abadilishe plagi. Injini ni V6, lakini kila silinda ina plagi mbili, jumla 12. Akanunua sita. Nilipomuuliza hizo nyingine, akasema, "Hizo za akiba bosi, hazifanyi kazi." Nikacheka! Nilipaswa kuondoka na gari langu saa ileile. Oili ya injini nayo inataka karibu lita 8, yeye akamimina dumu la lita 5 akafunga boneti. Kijiti cha oili ndicho kilichomuumbua, na bado nikamsamehe kwa sababu ana maneno matamu na gereji yake iko njiani kwangu.

Sasa sikieni kimbembe chenyewe.

Jumamosi moja nilikuwa natoka Sengerema na mke wangu, tumemfuata mama mkwe aje kuona mjukuu. Mama nikamkalisha mbele, maana kumwambia mama mzima ainame apenye nyuma ya kiti kilichokunjwa ni kujitafutia faini ya ng'ombe. (Ule mkono wa kimashine unaosogeza mkanda kutoka nyuma ulipomkaribia bega, alishtuka akauliza ni nani huyo.) Tukaingia daraja la Busisi. Zamani hapo ungepanga foleni ya kivuko, siku hizi ni kilomita 3 unateleza juu ya maji. Katikati ya daraja gari likashtuka kama limepigwa teke, taa ya cheki injini ikawaka. Nikavuka, nikaegesha upande wa Kigongo, nikazima, nikawasha. Likaondoka kivivu kwa gia ya pili, na hapo hapo likabaki.

Gia ya pili kutoka Kigongo hadi mjini, wakuu. Spidi 50, mshale wa mzunguko unagusa elfu 3, injini inalia kama trekta la pamba. Usagara, Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni, kila Hiace inatupita. Konda mmoja akatoa kichwa, "Uza hiyo mzee!" Mama mkwe yuko kimya kabisa, anatazama ziwa. Ukimya ule ulinikera kuliko konda.

Jumatatu nikampelekea fundi. Akachomeka kamashine kake kadogo, kakatoa namba, hakuisoma hata mara mbili. "Gia boksi imekufa, bosi." Hakufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, kuangalia kama kuna vyuma, hakupima waya, hakugusa soketi. Nikauliza kama haiwezekani ikawa umeme. Akaniuliza, "Fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

Nikatuma pesa Dar. Gia boksi ya mtumba milioni 2.6, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi imefungwa kwenye kiroba. Kufunga laki nne. Oili ndiyo ilikuwa sinema ya pekee. Gia boksi hii, ya gia 5, wenyewe wanaiita 722.6, haina kijiti chake. Kuna mrija wenye kifuniko, ukifungua ndani ni patupu, kwa sababu kijiti ni kifaa cha gereji. Na inapimwa oili ikiwa ya moto, nyuzi 80, injini inaunguruma, gari likiwa sehemu tambarare. Huyu kapima kwa kipande cha waya wa umeme, oili baridi, gari limeegeshwa mteremkoni. Kama unaijua Mabatini, unaijua miteremko yake. Na oili yenyewe ni ileile anayotia kwenye Hiace. Nikalalamika, akanijibu, "Nyekundu ni nyekundu tu bosi."

Wiki tatu baadaye, barabara ya Makongoro, teke lilelile. Gia ya pili. Namba ileile kwenye kamashine.

Unajua alisema nini? "Hii ya mtumba nayo ni mbovu, agiza nyingine."

Hapo ndipo nilipoamka. Jirani yangu ana malori, akanielekeza kwa mzee mmoja Igoma, fundi umeme wa magari makubwa, hana hata bango. Mzee hakuuliza mengi. Aliingia uvunguni, akachomoa soketi ya umeme inayoingia ubavuni mwa gia boksi, akanionyesha kidole chake. Kimelowa oili. Soketi ile ina vipete viwili vya mpira. Vikikauka kwa uzee oili inapenya, halafu inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, mdogo mdogo, mpaka inafika kwenye kompyuta ya gia boksi. Kompyuta ikianza kupata taarifa za uongo inajilinda: inafungia gari gia ya pili ufike nyumbani. Kwa hiyo siku ile darajani gari lilikuwa linanisaidia, na mimi nalitukana mbele ya mama mkwe.

Na yule fundi alipofunga gia boksi ya mtumba alirudishia waya uleule uliojaa oili kwenye kompyuta ileile. Hata angefunga mpya kutoka Ujerumani, ingegoma vilevile.

Mzee akasafisha kompyuta na waya, akafunga soketi mpya. Soketi elfu 45, kazi elfu 50. Elfu tisini na tano, wakuu! Mimi nimeshatoa milioni 3, bado sijahesabu bodaboda na siku za kazi nilizopoteza.

Kisha akapima oili kwa kijiti chenyewe. Ilikuwa pungufu zaidi ya lita moja na nusu. Kwa wiki tatu nilikuwa naendesha gia boksi yenye kiu, na sasa ikitoka ya pili kwenda ya tatu inateleza kwanza ndipo inashika. Mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ile yako ya mwanzo ilikuwa nzima. Kaifuate uirudishe."

Nikaenda gereji. Kwanza nikaambiwa ipo stoo, mwenye ufunguo kasafiri. Siku ya pili ipo kwa mwenzake. Siku ya nne, huku anafuta mikono, hata hanitazami: "Ile si ilikuwa mbovu bosi, tuliiuza skrepa." Skrepa ya mtu gani, kwa kilo ngapi, hasemi. Gia boksi nzima, alumini tupu nje, ya mtu mwingine, inauzwa bila hata kumpigia simu mwenyewe! Nikamwambia nipe basi pesa ya skrepa. Akanipa elfu thelathini, mbele ya vijana wake, na vijana wakacheka.

Sijaipokea. Iko kwenye kisahani cha nati pale gerejini mpaka leo, labda wameshainywea chai.

Kuna watakaosema nilijitakia kwa kumpa Benzi fundi maiko, fundi wa kubahatisha. Sawa, nakubali nusu. Lakini nielezeni basi: kung'oa spea ya mtu ukaiuza ni ujinga wa kutojua Benzi, au ni wizi tu? Maana naona ni mtindo. Jamaa yangu wa Kirumba aliachwa na alteneta ya Kichina, ya kwake "ilitupwa". Mwingine rejeta. Hizi spea zinazotupwa mbona hatuzioni jalalani?

Siamini ile gia boksi imekatwakatwa. Hakuna anayeuza kitu kizima kwa bei ya kilo wakati wenye Benzi za C-Class humu mjini wanaitafuta. Kwa hiyo naomba: kama umeuziwa gia boksi ya 722.6 hapa Mwanza, au hata Shinyanga au Geita, kati ya mwezi wa sita na sasa, ingia uvunguni uangalie kona ya nyuma ya sampu. Ya kwangu ina mbonyeo wa ukubwa wa kizibo cha soda, jiwe la njia ya Isamilo ndilo liliibonyeza. Ukiuona, niandikie hapa. Sitakulazimisha uirudishe bure, uliinunua kwa pesa yako. Nataka tu kujua ulimlipa nani, na kiasi gani.