Matumbawe laini ya Karibi: aina ya mwamba inatosha kuyaeleza?

Kaskazi_Msasani
Habari wakuu. Naandaa mada ya semina hapa Mlimani. Picha za Florida na Bahamas zimejaa feni na matawi membamba kama mijeledi. Yale manene ya Mbudya na Bongoyo (Sinularia, Sarcophyton) siyaoni. Pia nikipanga takwimu kwa aina ya mwamba pekee (kiraka, matuta na mifereji, sakafu ngumu tambarare), inatosha?

MbiziBongo
Huyaoni kwa sababu si ya kule. Karibi ni kwa gorgonia, yaani matumbawe ya feni na mijeledi: Antillogorgia, Eunicea, Plexaura. Unomia, tumbawe laini lililoenea Venezuela, ni mvamizi kutoka Indo-Pasifiki, upande wetu huu.

Aina ya mwamba peke yake itakuangusha. Ndani ya jina hilo kuna kina, mawimbi, mchanga na mwanga. Chukua matuta na mifereji: kwenye maji mafupi yanayosukasuka utakuta Gorgonia ventalina, feni imekingama dhidi ya msukumo wa maji. Shuka, Antillogorgia bipinnata inajitokeza. Kwenye ukuta wa kina wenye mkondo mkali, Iciligorgia schrammi. Hiyo haina mwani mwilini wa kuitengenezea chakula kwa mwanga, inakula kinacholetwa na mkondo, kwa hiyo giza haliisumbui.

Mchanga ndio wengi wanausahau. Lava (kiluwiluwi cha tumbawe) hushika mwamba mtupu, na tumbawe changa likifunikwa na mchanga linakufa. Mkubwa mrefu anabaki amechomoza. Ukiona Pterogorgia "imeota mchangani", pekua chini yake: shina limeshika jiwe.

Spikula
Naongezea vipimo. Tandaza tepu ya mita 10, hesabu upana wa mita 1, na koloni (tumbawe moja zima) ihesabiwe pale tu shina lake likiwa ndani. Ukifuata matawi, wimbi litakuhesabisha mara mbili. Pima urefu, kina, na unene wa mchanga kwa kuchomeka rula ya chuma mpaka igonge jiwe.

Eunicea na Plexaura usizitaje kwa macho. Loweka kipande kidogo kwenye jiki, nyama iyeyuke zibaki spikula (chembe ngumu za chokaa za ndani yake), kisha suuza kwa maji safi mara kadhaa kabla ya hadubini. Usiposuuza vizuri, chumvi hukauka kuwa fuwele na unazichora kama spikula.

Kaskazi_Msasani
Shukrani. Vituo vyangu vya kiraka vyote ni mita 4, vya matuta vyote mita 15.

MbiziBongo
Hapo huwezi kujua tofauti imeletwa na mwamba au na kina, mkuu. Tafuta vituo vya matuta vya mita 4 hadi 6, au badilisha swali la semina liwe la kina.