Naenda Osaka kwenye mahafali ya mwanangu, siku 9. Nisaidieni kupanga

MamaKhanga_Uhuru

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa makamo, nina duka la khanga na vitenge Kariakoo, Mtaa wa Uhuru. Mwanangu wa kwanza anamaliza shahada ya uzamili Osaka, mahafali ni mwishoni mwa mwezi wa tatu. Ameniomba niende. Miaka miwili na nusu sijamtia machoni ila kwenye simu. Nasafiri na mdogo wangu wa kike, Idi itakuwa imeshapita.

Nimekwenda kwa wakala mmoja wa safari hapa mjini, akanichorea mpango: tunashukia Tokyo siku tatu, halafu Hakone, Kyoto, Hiroshima, kisha Osaka usiku mmoja tu, ule wa mahafali. Nikamwambia, baba, mtoto wangu yuko Osaka. Akanijibu Osaka hakuna cha kuona, ni mji wa biashara. Sasa ananipigia simu kila siku nitoe malipo ya awali. Sijatoa. Moyo unasita.

Na kuna jambo jingine. Bibi yangu mzaa mama, Bagamoyo, alikuwa na sanduku la khanga. Chini kabisa, zimefungwa na udi, kulikuwa na doti moja nyekundu na nyeusi aliyokuwa haivai ila kwenye harusi. Nilikuwa mdogo, najifunza kusoma, nikaona maandishi madogo pembeni kwenye pindo, nikamuuliza bibi ni jina? Akaniambia si jina, hayo yanasema imetengenezwa Japani. Hiyo nchi niliijua kwenye kitambaa kabla sijaiona kwenye ramani. Khanga ile ninayo mpaka leo, pindo limechoka lakini rangi haijatoka. Kwa hiyo mtu akiniambia Osaka ni mji wa biashara tu, mimi ndio kwanza ananitamanisha.

Naomba mnisaidie. Tufikie sehemu gani ya mji? Mwanangu anasoma upande wa Suita. Goti langu la kushoto linanisumbua, ngazi nyingi siziwezi. Chakula na swala tutafanyaje? Baridi ikoje? Na je, naweza kumpelekea embe dodo? Ndiyo kitu pekee alichoniomba.

Mbezi_Kwanza

Shikamoo mama, na hongera sana kwa malezi. Nimeishi Osaka miaka minne kimasomo, sasa niko Mbezi. Mpango wa huyo wakala uache. Miji mitano kwa siku 9, na goti hilo, utamaliza safari ukiwa unafungua na kufunga mabegi tu, na mtoto utamwona ukumbini akiwa amevaa joho.

Kwanza, usishukie Tokyo. Osaka ina uwanja wake wa kimataifa, Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa walichokitengeneza baharini, umefunguliwa mwaka 1994. Ukipitia Dubai au Doha unaunganisha mpaka hapo. Kutoka Tokyo kwenda Osaka ni kilomita 515. Treni ya mwendokasi inatumia saa mbili na nusu, ni safari nzuri, ila nauli yake ya watu wawili ni bora muilie chakula.

Malazi: jiji lile lina njia ya treni ya chini ya ardhi inaitwa Midosuji, alama yake nyekundu, inakata mji kutoka kusini kwenda kaskazini. Stesheni za Namba, Shinsaibashi, Hommachi, Umeda, Shin-Osaka na Esaka zote ziko kwenye mstari huohuo, na treni nyingi zinaendelea mpaka Senri-Chuo, karibu na upande anakosoma mwanao. Tafuta hoteli Esaka au Shin-Osaka. Mtakuwa karibu naye, na mjini mnafika bila kubadilisha treni. Vyumba vya hoteli za kawaida ni vidogo, begi likifunguliwa hakuna pa kukanyaga, kwa hiyo kila mmoja abebe moja la wastani.

Kuhusu goti: stesheni za metro zina lifti, lakini mara nyingi iko mbali na mlango uliouzoea, inabidi uitafute alama yake na kuifuata kwa subira. Pale Umeda uwe makini zaidi. Chini ya ardhi kuna njia na maduka yanayoingiliana kama mizizi ya mkorosho. Wiki yangu ya kwanza nilizunguka dakika arobaini natafuta mlango wa kutokea, nikajikuta nimerudi kwenye duka lilelile la mikate. Mwambie mwanao awapokee upande wa ndani wa mageti, si nje. Kwenye ngazi za umeme Osaka mtu husimama kulia, kushoto wanaachiwa wanaopita. Tokyo ni kinyume.

Kila mmoja anunue kadi ya ICOCA siku ya kwanza. Unaweka yeni, unagusisha getini, basi, kama kadi ya mwendokasi yetu. Treni za mwisho ni karibu na saa sita usiku, baada ya hapo ni teksi, na teksi ni ghali.

Baridi mama usiidharau. Asubuhi za mwisho wa mwezi wa tatu nyuzi 6 au 7, mchana 14 hivi. Fikiria Lushoto mwezi wa saba, na upepo juu yake. Ila ndio wakati maua ya sakura yanapoanza kufunguka. Kwenye bustani ya ngome ya Osaka watu wanatandika mikeka chini ya miti na familia zao, wanakula.

Bint_Upanga

Mama shikamoo. Mimi nilikwenda kumtembelea dada yangu, kwa hiyo niongezee ya viza. Ubalozi wa Japani uko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Kwa kuwa unaalikwa na mtoto, yeye ndiye aanze kazi: barua ya mwaliko, uthibitisho kuwa ni mwanafunzi na anaishi pale, na ratiba ya kila siku mtakayokuwa huko, tarehe kwa tarehe na mahali mtakapolala. Wewe huku utafute taarifa ya benki, leseni ya biashara na vyeti vya kuonyesha kuwa ni mama yake. Mimi fomu yangu ilirudishwa kwa sababu tarehe za ratiba na za tiketi zilipishana siku moja. Kaa na mtoto kwenye simu mzisome pamoja mstari kwa mstari.

Swala: usikose Kobe. Kutoka Umeda ni kama nusu saa kwa treni mpaka Sannomiya, halafu mwendo mfupi kwa miguu. Pale kuna msikiti wa kwanza kabisa wa Japani, ulifunguliwa mwaka 1935. Mabomu ya vita mwaka 1945 yaliharibu mtaa, msikiti ukasimama. Tetemeko kubwa la mwaka 1995 likaja, ukasimama tena. Nendeni Ijumaa. Nilipoingia upande wa wanawake, mama mmoja wa Kiindonesia akanisogezea nafasi kwenye zulia na kunishika mkono bila neno, nikasahau kuwa niko ugenini. Na kibla kule ni magharibi, kimeinama kidogo kaskazini, msizoee cha Dar.

Chakula: mwanao akuandikie kwenye karatasi herufi yao ya nguruwe na ya pombe, uwe unalinganisha kwenye vifungashio. Hata mchuzi wa tambi unaoonekana wa kuku unaweza kuwa na nguruwe ndani. Samaki na wali hamtakosa. Na vyoo vina maji ya kuchambia, unabonyeza kitufe tu. Kwa sisi hilo ni raha.

Sokoine_Msafiri

Embe usibebe, mama. Matunda mabichi kutoka kwetu yanakataliwa uwanjani, na nyama vilevile hata ikiwa kavu. Ukificha ni kosa kubwa kisheria. Mpikie kashata na visheti.

Umeme wao ni volti 100 na plagi ya miguu miwili bapa, nunua adapta hukuhuku. Shilingi zetu hazibadilishwi kule, beba dola. Kadi ya benki yako ikiwa ni ya kimataifa, mashine za ndani ya maduka ya 7-Eleven zinatoa pesa.

MamaKhanga_Uhuru

Marahaba wanangu. Mungu awazidishie. Nimesoma huku nimefunga duka kwa muda, mteja amegonga sikumsikia.

Wakala nimempigia, nimemwambia hapana. Hakimbii mtu siku 9 wakati mtoto wake amekaa mahali pamoja. Mwanangu nimemwambia habari ya embe, amenyamaza kidogo, kisha akasema basi visheti, lakini viwe na iliki nyingi.

Mbezi_Kwanza, nina swali moja la mwisho. Hao watu wa vitambaa wapo bado? Nataka kuona wanavyouza, wanavyokunja, wanavyopima. Nitabeba khanga ya bibi.

Mbezi_Kwanza

Wapo mama. Shuka Hommachi, uliza Semba. Tangu enzi za zamani ule ndio mtaa wa wafanyabiashara wa Osaka, na nguo ndiyo ilikuwa kazi yao kubwa. Kuna majengo kumi yamepangana mstari mmoja karibu kilomita nzima, na juu ya mapaa yake inapita barabara ya magari ya kasi. Yalifunguliwa mwaka 1970. Ndani ni majora ya vitambaa, nguo, vifungo, na wauzaji wengi ni watu wazima kama wewe. Usiende Jumapili, maduka mengi hufungwa. Tenga siku nzima, asubuhi goti likiwa halijachoka, na mwende na mwanao awatafsirie.

Wazee wa biashara wa Osaka wana salamu yao ya zamani, siku hizi unaisikia kwa nadra. Mmoja anauliza “mokarimakka?”, yaani faida inapatikana? Mwenzake anajibu “bochi bochi denna”, hivyo hivyo tu. Jifunze zote mbili. Ukimkuta mzee amekaa nyuma ya meza yake ya kukatia, msalimie hivyo, kisha mfungulie khanga kwa mikono miwili, upande wenye yale maandishi umwelekee yeye.