Ukoo wa Ujiji: habari za Salma

*Jumatano, saa 1:40 usiku*

Mama Salma: Ndugu zangu, jana Salma aligongana kichwa na mwenzake kwenye mazoezi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, wakigombea mpira wa kona. Hakuzimia, hana hata nundu. Lakini leo ametia chumvi kwenye chai, nikambadilishia, akatia chumvi tena. Kaniuliza mara tatu leo ni siku gani. Sasa kajilaza, kanga usoni, anasema taa inamchoma macho.

Baba Mdogo: Pole shemeji. Kocha kanipigia, anasema maadamu hakuzimia ni uchovu tu. Jumamosi anamtaka uwanjani.

Bibi: Msimwache alale jamani! Aliyepigwa kichwa halazwi!

Shangazi Mwaju (Tabora): Shikamoo mama. Wifi, ametapika?

Mama Salma: Mara moja, alfajiri.

Shangazi Mwaju (Tabora): Mpelekeni hospitali ya Maweni usiku huu, msingoje kesho. Huko kuuliza jambo moja mara tatu sikupendi. Mdogo wangu, nakuomba uwe na bajaji mlangoni sasa hivi. Na hilo la kuzimia, wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu, nje huoni kitu. Mimi wodini nimewaona.

*Saa 5:25 usiku*

Mama Salma: Tumerudi, alhamdulillah. Daktari kasema ni huo huo mtikisiko, hakuona dalili ya damu kuvuja. Kalala.

Shangazi Mwaju (Tabora): Alhamdulillah. Mwacheni alale. Mama, zamani sisi wenyewe tuliwakatalia watu usingizi, lakini akishapimwa na daktari usingizi unamsaidia. Akianza kutapika tapika, kichwa kikazidi, akashikwa na degedege, mkono ukalegea, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine au mkashindwa kumwamsha, rudini mbio. Maumivu apewe panadoli. Brufeni na aspirini hapana siku hizi za mwanzo.

Baba Mdogo: Kwa hiyo dada, ndani gizani mpaka lini?

Shangazi Mwaju (Tabora): Gizani siyo. Siku moja au mbili atulie, simu iwekwe kando. Baada ya hapo atembee taratibu, hata kushuka Kibirizi kununua dagaa. Masomo ndiyo yatangulie, hata nusu siku. Darasani akiwa sawa ndipo akimbie kidogo, kisha mpira bila kugusana na mtu, kisha daktari aruhusu, ndipo mazoezi kamili na mechi. Kila hatua siku nzima, kichwa kikirudi naye arudi nyuma. Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne hivi, ila wasichana huumia hivi kuliko wavulana kwenye mpira huu huu, na wengi hukawia. Jumamosi haipo kabisa. Ubongo ukigongwa tena haujapona unaweza kuvimba ghafla. Ni nadra, lakini wanaokufa hivyo ni watoto wa umri wake.

Bibi: Basi hachezi. Nimesema mimi.

Baba Mdogo: Sawa mama. Kocha nitamwendea mwenyewe asubuhi. Tangu 2024 hata sheria za soka zinaruhusu timu kupewa nafasi ya ziada ya kubadili mchezaji aliyeumia kichwa, nitamwambia.

Shangazi Mwaju (Tabora): Na yule mwenzake waliyegongana naye? Kuna mtu kamuuliza hali yake?

Mama Salma: Ya Rabi. Hakuna. Ni mtoto wa Gungu, nampigia mama yake sasa hivi.