Re: Kozi ya skripti ya juu, nani kasoma na wapi?

Kutoka: Kijana wa Mlandege, Cardiff

Assalaamu alaykum jamaa,

Nisameheni naingia na shida moja kwa moja. Vikozi vya wikiendi vya kuandika skripti nimeshavimaliza viwili. Kupanga sini, yaani onyesho moja moja, najua, herufi za Courier 12, ukurasa mmoja wa skripti dakika moja ya kutazama, yote hayo nimeyamudu. Sasa nina tamthilia ya vipindi sita kichwani, ya kwetu Unguja, kwa Kiswahili, na kila nikiiandika inalala. Niende shahada ya uzamili au nitakuwa natupa pesa? Na kuna yeyote aliyewahi kuwapelekea wazungu skripti ya Kiswahili wakaisoma?

---

Kutoka: Mpemba wa Leicester

Waalaykumu salaam mwanangu,

Nimesoma miaka miwili, jioni, natoka zamu na sare ya kazi ndani ya mkoba. Chuo sikitaji kwa sababu ninalo la kukilaumu, na utaliona huko chini.

Pesa kwanza. Kama una makaazi ya kudumu na umeishi hapa Uingereza miaka 3 kabla ya kozi kuanza, unalipa ada ya mwenyeji. Hujafika hapo, subiri ufike. Ada ya mgeni itakufanya ulie.

Usitegemee kwamba watakufundisha kuandika. Wanakufundisha kufuta. Tulikuwa wanane darasani, kila wiki kurasa za mmoja zinawekwa mezani, na mwenyewe marufuku kufungua mdomo mpaka wenzake wamalize. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani sitaki hata chai. Lakini hapo ndipo nilipojua kwamba msomaji hanioni mimi pembeni nikimweleza, anaona karatasi tu.

Sasa hilo la Kiswahili. Skripti yangu ni ya Wete, mambo ya magendo ya karafuu. Bibi kakaa jamvini anachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Mjukuu anamuuliza, ile mashua ya Mombasa nani alikwenda nayo? Bibi bila kuinua macho: "Alikwenda mwenyewe. Akarudi mikono mitupu."

Wewe ukisikia hivyo unamfikiria babu. Magendo tumezoea kuyasikia ni ya wanaume. Mpaka kipindi cha tatu ndipo unajua aliyekwenda ni bibi mwenyewe. Hiyo "a-" yetu haina mume wala mke, nami nikaijengea tamthilia nzima juu yake.

Nilipofasiri kwa Kiingereza ili darasa lisome, nikakwama. Lugha yao inakulazimisha useme ni mwanamme au mwanamke. Nikisema mwanamme, nimemdanganya mtazamaji, na akija kujua atahisi kachezewa. Nikisema mwanamke, siri imetoka. Nikaandika mwanamke, basi tena, nilikuwa nimechoka. Mwalimu akaniambia ukurasa wa tatu alishajua kila kitu na haoni kwa nini aendelee. Hakuniuliza Kiswahili chake kinasemaje, na hilo ndilo ninalomlaumu nalo. Kwenye basi nilisema peke yangu mpaka nyumbani.

Baadae nikaibadilisha. Bibi sasa anasema: "Mwenye chombo alikwenda nacho." Mwenye chombo, kwa Kiingereza, hana haja ya kuwa bwana wala bibi. Na hapo pakazuka jambo ambalo sikulitafuta, mjukuu akaanza kutaka kujua chombo ni cha nani. Kipindi cha pili chote kimetoka hapo. Kwa hiyo tafsiri usiiache mpaka mwisho. Fasiri kurasa kumi za mwanzo mapema, uone wapi panavuja.

La pili sikulipata chuoni. Mwaka jana nilikwenda nyumbani msimu wa karafuu, nikawagaia jamaa skripti barazani, kila mtu mhusika wake. Shangazi kachukua bibi. Mistari miwili tu akasimama. "Huyu mtoto kaingia tu? Hakuamkia?" Nikamueleza kwamba tumefundishwa kuingia kwenye sini kwa kuchelewa na kutoka mapema, salamu zinakatwa. Akaweka karatasi chini. Hasomi mpaka mtoto aamkie.

Basi mtoto akasema shikamoo. Shangazi akanyamaza, akajifanya anachambua, konyo la kwanza, la pili, la tatu, ndipo: "Marahaba." Baraza zima ikajua bibi kakasirika. Mimi kwa hasira hiyo hiyo nilikuwa nimeandika nusu ukurasa wa maneno. Nikaufuta hapo hapo.

Na kabla hujalipa senti, BBC wana maktaba ya skripti mtandaoni, bure. Soma moja kila wiki, uone zinavyokatwa.

---

Kutoka: Ami wa Toronto

Jamaa, salamu. Mpemba kasema ada, hakusema mkopo. Ule wa serikali ya Uingereza kwa uzamili unapita pauni 12,000, na una riba. Sheria ya kuruhusu mkopo usio na riba ilipitishwa huko tangu 2017, lakini sheria kupita si mkopo kutoka. Kila mtu na dhamira yake, lakini kijana ajue kabla ya kutia saini.

Kuhusu wazungu kusoma Kiswahili: filamu ya *Vuta N'kuvute*, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa tamasha la filamu la Toronto 2021. Watu wanasoma tafsiri ya maandishi chini ya skrini bila taabu, ila yawe mafupi. Mistari miwili, si hotuba.

Na kazi yako iandikishe. Uingereza hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini ukitaka kuifanyia kazi Unguja, COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ndio wenyewe, si COSOTA ya bara.

---

Kutoka: Kijana wa Mlandege, Cardiff

Ahsanteni sana. Shangazi wa Leicester, yangu ina salamu nyingi mno, kila mlango wanabisha hodi. Nizikate au niziache?

---

Kutoka: Mpemba wa Leicester

Kila salamu jiulize nani kachelewa kuitika. Hakuna aliyechelewa, kata.

Niletee kurasa kumi, usiniletee sitini. Jumapili baada ya Asri tunasoma kwa simu, tuko watano, Ami naye atakuwepo usingizi ukimruhusu maana kwao bado asubuhi. Bibi wako namsoma mimi. Wewe utakaa kimya.